Habari za Kisiwa cha Heligoland

Tazameni ramani ya Ulaya. Katika Bahari ya Kaskazini, mbele ya pwani ya Ujerumani, mahali ambapo mito ya Elbe na Weser huingia baharini, mtaona nukta ndogo. Na katika ramani nyingine hata nukta hiyo haimo. Hicho ndicho kisiwa cha Heligoland. Toka pwani hata huko ni maili 30 hivi. Kisiwa chenyewe ni jabali jekundu lililosimama wima katika maji, na kimo chake ni futi 200 hivi. Mtu aweza kukitembea toka ncha hata ncha kwa muda wa nusu saa. Kando yake kiko kisiwa cha pili, cha mchanga mtupu. Hapo kale vyote viwili vilikuwa vimeungana, lakini usiku wa kuingia mwaka wa 1721 bahari ilichafuka sana, ikaikata nchi kavu iliyokuwa katikati.

Wenyeji wake ni Wafrisi. Wana lugha yao wenyewe, ambayo si Kijerumani wala si Kiingereza, ingawa ni ndugu ya zote mbili. Tangu zamani walivua samaki na kamba wakubwa, tena walikuwa marubani hodari, maana merikebu za wageni ziliwahitaji watu wa kuzipitisha salama penye mafungu na miamba.

Mbona basi mataifa makubwa yaligombea jiwe kama hili, lisilo na dhahabu wala mashamba? Sababu ni pale lilipo. Mtu akikaa kizingitini, hapana awezaye kuingia wala kutoka nyumbani asimwone. Ndivyo ilivyo Heligoland. Merikebu zote ziendazo Hamburg na Bremen hupita karibu nayo.

Mwaka wa 1714 kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wadenmark, nao walikishika karibu miaka mia. Kisha vikaja vita vya Napoleon. Mwaka wa 1807 Waingereza waliupiga kwa mizinga mji wa Copenhagen, na siku zizo hizo manowari zao zikaja Heligoland. Askari wa Denmark walikuwa wachache, wakajitoa. Wakati huo Napoleon alikuwa amepiga marufuku bidhaa za Kiingereza katika bara la Ulaya. Kwa hiyo wafanya biashara walileta sukari, kahawa na tumbako Heligoland, zikapelekwa bara kwa siri, usiku, katika mashua za wavuvi. Jabali lile likajaa maghala. Kwa mkataba wa mwaka wa 1814 Denmark ikakiacha kisiwa kabisa. Vita vilipokwisha magendo yalikwisha pia, na umaskini ukaingia, hata mwaka wa 1826 seremala mmoja mwenyeji alipoanzisha mahali pa kuogea baharini, na wageni kutoka bara wakaanza kuja kwa wingi wakati wa joto.

Sasa tumefika mahali ambapo habari za kisiwa hiki zinagusana na habari za pwani yetu. Mwaka wa 1890 Waingereza na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikuwa wakishindania nchi za Afrika. Wajerumani nao walikuwa wakichimba mfereji mkubwa wa Kiel, ambao ungetokea mtoni Elbe. Wakaona haifai taifa jingine kukaa mlangoni pao. Tarehe 1 Julai, 1890, mkataba ukatiwa sahihi. Waingereza waliwapa Wajerumani Heligoland. Wajerumani walikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Waingereza, wakaiacha na nchi ya Witu. Pwani ya Tanganyika pamoja na kisiwa cha Mafia vikawa vya Wajerumani, nao wakamlipa Sultani wa Unguja maki milioni 4.

Watu wengi husema ya kwamba Wajerumani waliitoa Unguja wakapewa Heligoland, kama watu wabadilishanao mbuzi kwa kondoo. Neno hilo si sahihi. Mtu hawezi kutoa kisicho chake, na Unguja haikuwa ya Wajerumani. Ilikuwa na Sultani wake, Sayyid Ali bin Said. Walichotoa ni haki ya kuigombea.

Wenyeji wa Heligoland, watu kama 2,000, hawakuulizwa. Malkia Victoria mwenyewe alichukizwa na jambo hilo. Alisema ni aibu kuwakabidhi watu watiifu kwa serikali nyingine bila kutaka shauri lao. Lakini waziri wake mkuu, Bwana Salisbury, alikwisha kukata shauri, na Malkia akakubali shingo upande. Huku Unguja nako raia hawakuulizwa. Tarehe 9 Agosti bendera ya Kiingereza ilishushwa Heligoland, na kesho yake Kaisari Wilhelm wa Pili akashuka pwani kwa fahari kuu.

Wajerumani wakaligeuza jabali kuwa ngome, wakajenga bandari ya manowari na kuchimba mapango ya baruti. Vita vilipoanza mwaka wa 1914 wenyeji waliondolewa wote, wakarudi mwaka wa 1918. Ngome ikabomolewa kwa amri ya mkataba wa Versailles, kisha Hitler akaijenga tena. Tarehe 18 Aprili, 1945, ndege za Kiingereza zipatazo 1,000 zilikishambulia kisiwa. Wenyeji walikuwa wamejificha ndani ya mwamba, na wengi wao waliokoka, lakini walipotoka hawakuona nyumba ya kulala. Siku ya pili wakapelekwa bara, wakatawanyika katika vijiji vya pwani.

Miaka miwili baadaye, tarehe ile ile, Waingereza walikusanya tani 6,700 za baruti na makombora katika mapango ya ngome, wakaziwasha kwa mara moja. Upande wa kusini wa jabali ukaporomoka. Lakini kisiwa hakikuzama. Tangu hapo marubani wa ndege wa Kiingereza wakakitumia kama shabaha ya kujifunzia kutupa mabomu, na wenyeji wakakaa bara wakiomba warudishiwe kwao. Mwezi wa Desemba, 1950, wanafunzi wawili Wajerumani walivuka bahari wakati wa baridi kali, wakaingia kisiwani bila ruhusa, wakapandisha bendera juu ya magofu. Hawakuwa na silaha yo yote. Magazeti yakaieneza habari hiyo, na watu wengi, hata Uingereza, wakauliza kwa nini nyumba za watu zipigwe mabomu na vita vimekwisha.

Tarehe 1 Machi, 1952, Waingereza wakakirudisha kisiwa kwa Ujerumani. Wenyeji walikuta mashimo na vifusi, na makaburi ya wazee wao yamepasuliwa. Wakaanza kwa kuzoa mabomu yasiyolipuka, kisha wakajenga upya nyumba zao na bandari. Leo watu kama 1,300 wanakaa huko, na kila mwaka tarehe 1 Machi huwa sikukuu yao. Bonde lililofanywa na baruti ya 1947 lingaliko, na hospitali ya kisiwa imejengwa ndani yake.