Picha na Vipimo vya Mto

Mto hubadilika polepole, nasi husahau upesi ulivyokuwa. Kwa sababu hiyo, wanasayansi hutumia vitu viwili pamoja: picha na vipimo.

Tutazame mfano wa Mto Elwha, katika jimbo la Washington, nchini Marekani. Samaki waitwao samoni huzaliwa mtoni, huenda kukua baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Ili kupata umeme, mabwawa mawili yalijengwa katika mto huo. La kwanza lilikamilika mwaka 1913, na la pili mwaka 1927. Kuta zake ziliwazuia samoni kupanda mto, na mchanga haukufika pwani kama zamani. Waklallam, wenyeji wa huko waliowategemea samaki hao, walipata hasara kubwa.

Kazi ya kuzibomoa kuta hizo ilianza mwaka 2011, ikamalizika mwaka 2014. Kamera zilifungwa mahali pamoja, zikapiga picha mara kwa mara. Picha zilipopangwa kwa mfuatano, zilisimulia hadithi: ukuta ulipungua, maji ya bwawa yalishuka, na mto ulijichimbia njia. Lakini picha haitoshi kutuambia kiasi. Kwa hiyo wanasayansi walipima mchanga uliochukuliwa na maji, wakahesabu na samaki. Ufuko mpya ulijengeka mlangoni mwa mto, na samoni wakapanda tena hadi sehemu walizozuiwa kwa zaidi ya miaka 90.

Shughuli

1. Pamoja na mwalimu wenu, chagueni mahali pa salama kando ya mto au kijito. Wekeni jiwe liwe alama.
2. Kila mwezi simameni kwenye alama hiyo, mchore mto mnavyouona. Andikeni tarehe.
3. Jazeni maji ya mto katika chupa nyeupe ya kioo. Tumieni chupa ileile kila mara. Yaacheni yatulie hadi kesho yake, kisha pimeni kwa rula kina cha matope yaliyotuama.
4. Bandikeni michoro ukutani kwa mfuatano. Chini ya kila mchoro andikeni kipimo chake.

Mwisho wa mwaka, waonyesheni wazazi kazi yenu. Je, matope yameongezeka au yamepungua? Shaurianeni nao jinsi ya kuutunza mto.

Maswali

1. Kwa nini samoni walishindwa kupanda Mto Elwha?
2. Kwa nini kamera zilifungwa mahali pamoja?
3. Kipimo hutuambia nini ambacho picha haituambii?