Mgonjwa Akisemwa Ana Pepo, Usikubali Jina la Mtu Litajwe

Mtoto ameanguka shuleni akitoa povu. Au binti amerudi kutoka chuoni, halali, anaongea peke yake usiku kucha. Ndugu wanaitana, mwombaji anakuja, watu wanapiga magoti, wanakemea. Hadi hapo hakuna aliyeumizwa. Ubaya unaanza baada ya amina, pale mmoja anapofuta jasho na kusema ameoneshwa: kuna mwanamke wa makamo, wa ukoo huu huu, ndiye aliyetuma kitu hiki. Hataji jina, ila kila aliyekaa sebuleni ameshajua ni shangazi yupi. Kuanzia siku hiyo shangazi hapokelewi simu, chakula chake hakiliwi, na mjukuu akimkimbilia anavutwa mkono. Kanda ya Ziwa, Tanzania, vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya maneno ya namna hii, ila kule yakitoka kinywani mwa mpiga ramli.

Wanaosema hivyo huishika Biblia mkononi. Basi tuifungue.

Biblia haina shaka kwamba Shetani yupo na pepo wachafu wapo. Anayetaka kulifuta hilo atalazimika kuchana kurasa nyingi. Lakini tangu Mathayo hadi Yohana hakuna mahali Yesu anapomwambia mgonjwa, au mzazi wa mgonjwa, kwamba pepo huyu ametumwa na jirani, mama wa kambo au mke mwenza. Hataji mtumaji, na wala haulizi habari zake. Jambo hilo peke yake lingeshikwa kwa uzito wake, nyumba nyingi zingepona.

Usiniamini kwa maneno. Tenga jioni moja, simu ikae mbali, usome Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, na habari za watu waliofunguliwa zinazoelezwa kwa kirefu ni nne: mtu wa sinagogi la Kapernaumu katika sura ya 1, yule wa makaburini nchi ya Wagerasi katika sura ya 5, binti wa mama Msirofoinike katika sura ya 7, na kijana aliyeletwa na baba yake katika sura ya 9. Soma na kalamu. Kwa kila habari andika nani aliyemleta mgonjwa, Yesu aliuliza nini, na mgonjwa alikwenda wapi baadaye. Utakuta kwamba maswali yake kuhusu tatizo lenyewe ni mawili tu. Kule makaburini alimuuliza pepo jina lake. Kwa yule kijana alimuuliza baba mtu hali hii imeanza lini. Swali hilo la pili ndilo daktari yeyote mzuri angelianza nalo.

Ukimaliza Marko, pitia Yohana. Hutakuta habari hata moja ya Yesu kumtoa mtu pepo. Injili nzima imeandikwa bila hiyo, na hakuna Mkristo aliyeiona pungufu. Kanisa linalofanya kila ibada kuwa ya kukemea limechukua sehemu moja ya Maandiko na kuikuza kuliko Maandiko yenyewe yanavyoikuza.

Sasa mgonjwa. Yule kijana wa Marko 9 alikuwa akianguka motoni na majini, na Mathayo 17 inamweleza baba yake akisema mwanawe ana kifafa. Wengi husimama hapo na kutangaza kwamba kila kifafa ni pepo. Wanaruka Mathayo 4:24, ambapo walioletwa kwa Yesu wanahesabiwa kwa makundi: wenye pepo ni kundi lao, wenye kifafa lao, waliopooza lao. Mwandishi ni yuleyule, na alijua kutofautisha. Naye Paulo, ambaye pepo walimtii alipolitaja jina la Yesu, alimshauri Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, akamwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto, na alisafiri na Luka anayemwita tabibu mpendwa. Hakuna palipoandikwa kwamba aliona aibu.

Kwa hiyo peleka mgonjwa hospitali, tena mapema, na usiku huohuo ikibidi. Malaria kali humfanya mtoto apate degedege na mtu mzima aweweseke. Mama aliyejifungua karibuni akianza kusikia sauti au kutaka kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura, na ina matibabu. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 60 mwanzoni. Watu wengi aliowakuta walikuwa na makovu ya moto, kwa sababu walipoangukia kwenye mafiga wenzao waliogopa kuwagusa. Waliokunywa dawa wengi walipata nafuu, wakarudi shambani. Mimi nausoma Marko 9 nikiwakumbuka watu hao: mtu aliye motoni anatakiwa kwanza avutwe atoke motoni.

Mtu akipata kifafa mbele yako, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize. Tazama saa. Zikipita dakika 5, au likifuata anguko jingine kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali. Ukiomba moyoni wakati huo unaomba vizuri kabisa.

Na maombi ya sauti yafanyike, kwa heshima. Muulize mgonjwa kama anataka kuombewa. Wawepo watu wachache anaowaamini, na kama ni binti awepo mwanamke wa karibu naye, mlango usifungwe. Maombi mafupi yanatosha. Yesu hakukesha akipiga kelele sikioni mwa mtu. Kumpiga ili pepo atoke, kumnyima chakula, kumfunga kamba, kumkatisha dawa ili aoneshe imani: kataa yote hayo, hata anayetaka kuyafanya awe mchungaji wako. Katika Marko 5 pingu na minyororo ni mambo ya wenyeji wa pale, na hayakusaidia kitu. Yesu alipomaliza, mtu yule alikuwa ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Hicho ndicho kipimo cha kutazamia. Mgonjwa akitoka kwenye maombi akiwa na majeraha, mkono wa aliyemwombea haukuwa wa Yesu.

Nirudi kwa yule aliyeoneshwa. Kitabu cha Ayubu kinamjua vizuri. Ayubu alipopata majipu na kufiwa na watoto, chanzo kilikuwa Shetani kweli. Sura mbili za mwanzo zinasema hivyo wazi. Rafiki yake Elifazi akaja, na katika sura ya 4 anasimulia jinsi neno lilivyomjia kwa siri usiku, roho ikapita mbele ya uso wake, nywele zikamsimama. Kutoka hapo anaendelea hadi sura ya 22, ambako anamshitaki Ayubu kwa kuwanyang'anya maskini nguo na kuwafukuza wajane mikono mitupu. Ni uongo. Maono yalikuwepo, hisia zilikuwepo, mashitaka hayakuwa ya kweli. Sura ya 42 Mungu anamkasirikia Elifazi kwa jina, na msamaha wake unapitia kwa Ayubu aliyemshitaki, ambaye ndiye anatakiwa kumwombea. Ufunuo 12 unamweleza Shetani kama mshitaki wa ndugu, mchana na usiku. Anayesimama sebuleni kumshitaki shangazi bila ushahidi aangalie vizuri anafanya kazi ya nani.

Panga kabla maombi hayajaanza. Mkubwa wa nyumba aseme kwa upole, mapema: "Mtumishi, tunakushukuru kwa kuja. Katika nyumba hii tutaomba, lakini jina la mtu au dalili za mtu hazitatajwa." Mtumishi wa kweli hatakwazika. Akikwazika, mpe maji ya kunywa, mshukuru, mwisho wa maombi. Na kama neno limeshasemwa, msingoje wiki ipite. Siku hiyohiyo wawili wenu mwende kwa shangazi, mkale kwake, mbele ya watoto. Waefeso 4 inasema hasira iliyolazwa hadi jua limezama ndiyo inayompa ibilisi nafasi. Katika 2 Wakorintho 2 Paulo anahimiza kusameheana ili Shetani asiwapate. Yakobo 3 anautaja wivu na ugomvi kuwa hekima ya kishetani. Ndizo njia za Shetani kuingia ambazo mitume wenyewe wanazitaja, na zote zinapita kwenye mahusiano ya watu wanaokaa nyumba moja.

Kuhusu malipo ya maombi nitasema kwa kifupi, kwa kuwa Biblia nayo imesema kwa kifupi: Mathayo 10 wanafunzi wanatumwa kuponya na kutoa pepo, wakikumbushwa kwamba walipewa bure na watoe bure. Kule Filipi, Matendo 16, waliokuwa wakipata faida kwa roho ya uaguzi ni mabwana wa yule kijakazi, nao walikasirika alipofunguliwa. Ukiambiwa bei ya mafuta, chumvi au maji kabla ya kuombewa, ondoka. Mjini Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyafuata mafuta ya upako uwanjani.

Inayosahaulika zaidi ni miezi inayofuata. Mathayo 12 inaonya kuhusu mtu aliyefunguliwa akabaki mtupu, hali yake ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Na yule wa Wagerasi alipotaka kumfuata Yesu, alirudishwa nyumbani kwake, kwa watu wake. Basi watu wake wawe tayari. Kubalianeni nani atampeleka kliniki, nani atahakikisha dawa haziishi, nani ataongea na mwalimu ili mtoto asiitwe majina darasani, nani atakaa naye jioni kusoma na kuomba. Asipopona haraka, msianze kutafuta dhambi wala mchawi. Paulo alikuwa na mwiba mwilini, anauita mjumbe wa Shetani, aliomba mara tatu uondoke, haukuondoka, na hakuna palipoandikwa kwamba alitengwa kwa sababu hiyo. Muwekeeni mgonjwa nafasi yake mezani kama zamani, mumtume dukani, mumwite kwenye harusi, na shangazi naye mumkaribishe amshike mkono.