Mjane na Shamba Lake: Kusimulia Yaliyokupata, Handeni na Korogwe

Katika vijiji vyetu mgogoro wa mirathi huanza mapema. Eda haijaisha, shemeji ameshapima shamba la mihogo kwa hatua, na mjane anaambiwa ajiandae kurudi kwao. Majirani wanaona, lakini wengi hunyamaza wakidhani hayo ni mambo ya ukoo. Kijitabu hiki kinamhimiza mjane aseme hadharani, kwa kuwa ukimya huo ndio unaoifanya dhuluma ionekane kuwa mila.

Wajane wawili waliosikika hadi Geneva

Wajane hao walikuwa mafundi cherehani, Wasukuma. Ndugu wa waume zao waliwatoa kwenye nyumba na mali. Sheria ya Mila iliyotangazwa mwaka 1963 iliwakingia kifua wakwe: mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, atatunzwa na wanawe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinambagua mwanamke, ila ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ikatupwa kwa kasoro ya nyaraka. Hawakukoma. Walilalamika kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, huko Geneva, na mwaka 2015 Kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao, iwafidie na irekebishe sheria.

Katika uamuzi huo wanatajwa kwa herufi tu, E.S. na S.C. Yaliyowapata yalisikika bila uamuzi huo kutaja majina yao kamili.

Sema ulipokwama

Simulizi nyingi huharibika hapa: mjane hulalamikia ukoo mzima, ukoo unajitetea, na shauri linageuka ugomvi wa familia. Eleza tukio lenyewe. Je, kikao cha ukoo kilifanyika bila wewe? Muhtasari ulipelekwa Mahakama ya Mwanzo na msimamizi wa mirathi akateuliwa hujasikilizwa? Ukisema hivyo, mwenyekiti wa kijiji anayekusikiliza atajua la kuzuia safari ijayo.

Ujue pia sheria inasemaje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, watatu ni wanawake. Katika mirathi ya Kiislamu, fungu la mjane ni thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, robo ikiwa hakuacha. Wake wakiwa zaidi ya mmoja hugawana fungu hilo. Anayemfukuza mjane kwa jina la dini anaivunja dini yenyewe, na inafaa hilo lisemwe mbele za watu.

Jilinde

Simulizi ni mali ya aliyeyapitia. Mtu mwingine asiisimulie bila idhini yake, na idhini hiyo anaweza kuiondoa hata asubuhi ya mkutano. Kesi ikiwa mahakamani, zungumza kwanza na msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua, na huduma yake ni bure. Usimtaje unayemlalamikia kwa jina. Picha za watoto na jina la shule yao visitoke kabisa: Mkata au Mombo, watu wanajuana.

Anzia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, mnakoaminiana. Ukishazoea, omba nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu. Mwombe mtendaji wa kijiji aiingize hoja yako kwenye ajenda na kuiandika katika muhtasari, kisha omba nakala.