Kuchagua Kamera ya Kwanza: Mafunzo Kutoka Elimu ya Mwanga

Kijana wa Gwarama, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, anayetaka kuifanya kazi ya kupiga picha kwa dhati hana budi kuuza magunia mengi ya mahindi au maharage kabla ya kupata bei ya kamera moja. Fedha hizo zikiishia katika chombo kisichofaa, si rahisi kupatikana tena msimu unaofuata. Dukani ataonyeshwa tarakimu kubwa zilizoandikwa juu ya boksi, naye asipokuwa na kipimo chake mwenyewe ataziamini. Makala haya yanaeleza jinsi elimu ya mwanga, ambayo wanafunzi wa sekondari huisoma katika Fizikia, inavyoweza kumpa mnunuzi kipimo hicho.

Kamera ni nini?

Kamera yoyote, iwe ya bei kubwa au ndogo, ni sanduku la giza lenye tundu upande mmoja, na upande wa pili kitu kinachopokea mwanga. Zamani mpokeaji huyo alikuwa filamu. Katika kamera za leo ni kihisi, yaani kibamba kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Mbele ya tundu huwekwa lenzi ili kukusanya miali na kuikutanisha mahali pamoja. Kati ya lenzi na kihisi mna kifungo kinachofunguka na kufunga kwa muda mfupi sana, ambacho wapiga picha hukiita shata.

Kutokana na maelezo hayo, kiasi cha mwanga kinachofika ndani hutegemea mambo mawili: ukubwa wa tundu, na muda ambao shata imefunguliwa. Jambo la tatu ni wepesi wa kihisi katika kuupokea mwanga huo, ambao huandikwa kwa herufi ISO. Wepesi ukiongezwa mno, picha hujaa chenga. Basi kamera njema kwa anayeanza ni ile inayomruhusu kuyapanga mambo hayo matatu kwa mkono wake mwenyewe. Kamera inayoamua yote peke yake haimfundishi mtu.

Lenzi kwanza

Upana wa tundu la lenzi huelezwa kwa namba f, ambayo ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la kipenyo cha milimita 28 hivi. Lenzi ya urefu huohuo ikiwa katika f/5.6 ina tundu la milimita 9 tu. Kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, tundu la kwanza hupitisha mwanga karibu mara 10 ya lile la pili.

Tofauti hiyo huonekana waziwazi katika chumba cha darasa wakati wa mvua, au ndani ya nyumba yenye dirisha dogo. Ikiwa f/1.8 inahitaji shata ifunguliwe kwa sekunde 1/100, basi f/5.6 itahitaji sekunde 1/10. Katika muda huo mrefu mkono hutikisika, na mtoto aliye mbele ya kamera hugeuza kichwa. Picha hutoka na ukungu, wala hakuna namna ya kuirekebisha baadaye. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera za bei nafuu huweza kuvuta vitu vya mbali, lakini zinapovutwa mpaka mwisho tundu lake huwa dogo. Kwa sababu hiyo ni afadhali mwenye fedha chache anunue kamera ya kawaida na lenzi moja isiyovuta, ya milimita 35 au 50, yenye tundu pana. Akitaka kumkaribia mtu, atatumia miguu yake.

Hadaa ya megapikseli

Tarakimu kubwa kuliko zote kwenye boksi aghalabu ni ya megapikseli, yaani mamilioni ya vitone vinavyounda picha. Je, mtu anahitaji vitone vingapi? Karatasi ya A4 ina milimita 297 kwa 210. Picha iliyochapwa kwa vitone 12 katika kila milimita huonekana laini kabisa machoni. Hesabu ni 3,564 mara 2,520, ambayo ni karibu milioni 9. Kwa hiyo kamera ya megapikseli 12 yatosha kwa picha ya ukurasa mzima, na anayelipia megapikseli 48 kwa ajili ya picha za ukubwa wa kiganja amelipia asichokitumia.

Kilicho muhimu zaidi ni ukubwa wa kihisi chenyewe. Kihisi cha kamera nyingi za wanaoanza kazi kina milimita 24 kwa 16 hivi, ilhali cha simu nyingi hakifiki milimita 10 kwa upande wake mrefu. Kama vile sufuria pana inavyokinga maji mengi ya mvua kuliko kikombe, ndivyo kihisi kikubwa kinavyopokea mwanga mwingi na kutoa chenga chache.

Fundisho la Gombe

Tatizo la mwanga halikuanza leo katika mkoa huu. Kusini-magharibi ya Gwarama, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ipo misitu ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Mwaka huohuo aliwaona wakitumia vijiti na mabua kuvulia mchwa vichuguuni, jambo ambalo wataalamu wengi walidhani ni la binadamu peke yake. Mwaka 1962 alifika Hugo van Lawick, mpiga picha kutoka Uholanzi, na picha zake ziliwawezesha watu wa mbali kuona kwa macho yao yale yaliyokuwa yakielezwa kwa maneno.

Kazi hiyo ni ngumu kwa yeyote. Manyoya ya sokwe ni meusi, kivuli cha miti ni kizito, na nyuma yake majani hung'aa kwa jua. Filamu za rangi za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi kuliko vihisi vya sasa. Tena kipima mwanga cha kamera hukisia kwamba kila kinachoonekana, kwa wastani, kina weusi na weupe wa kadiri. Kikikuta mandhari ya nyuma yenye mng'ao hupunguza mwanga, na kiumbe aliye mbele hugeuka kivuli.

Mkasa huohuo huwapata watu. Mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au mlango ulio wazi, kamera inayojiamulia itautunza ukuta na kuupoteza uso wake. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa mkono, au kumgeuza mwanafunzi auelekee mlango. Kwa hiyo mnunuzi aulize: je, kamera hii inaniruhusu kukataa makisio ya kipima mwanga? Kama hairuhusu, aiache.

Mvua, vumbi na umeme

Katika nyanda za juu za Kibondo, Kakonko na Kasulu mvua hunyesha kwa miezi mingi, tangu karibu na Novemba hadi Aprili au Mei. Unyevu unaokaa ndani ya mfuko wa kamera huotesha kuvu juu ya vioo vya lenzi, na kuvu huchimba mipako yake. Kamera ihifadhiwe katika chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya chembe za silika, vile vinavyokutwa ndani ya maboksi ya viatu. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi jekundu la barabarani. Lenzi isibadilishwe penye upepo. Mahali ambapo umeme si wa kutegemewa, betri ya pili ina faida kuliko lenzi ya pili.

Kamera iliyokwishatumika

Kamera nzuri iliyotumika huweza kushinda kamera mpya iliyo duni. Mnunuzi aangaze tochi ndani ya lenzi na kutafuta nyuzi za kuvu zinazofanana na utando wa buibui. Apige picha ya karatasi nyeupe ili kuona madoa ya kihisi. Aulize shata imepiga mara ngapi, kwani nayo huchakaa. Mwisho ahakikishe kwamba betri na chaji yake bado vinapatikana madukani.

Asiye na fedha bado asikae bure. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mtoto wa shule na Box Brownie, kamera nyepesi ya boksi yenye vipimo vichache mno vya kurekebisha. Mwaka 1984 picha alizozipiga za njaa nchini Ethiopia ziliushtua ulimwengu na kuleta misaada mingi. Hata simu ya kuazima hufundisha kutazama mwanga unatoka wapi. Wakati wa kununua ni pale mtu anapoweza kuitaja picha anayoitaka na sababu inayokifanya chombo alicho nacho kishindwe kuipata.

Mazoezi

1. Tafuta kipenyo cha tundu la lenzi ya milimita 35 katika f/1.8, kisha katika f/3.5. Lenzi ya kwanza hupitisha mwanga mara ngapi ya ile ya pili?

2. Toboa boksi la viatu kwa sindano upande mmoja. Upande wa pili kata dirisha na ulifunike kwa karatasi iliyopakwa mafuta. Jifunike kitambaa cheusi na uelekeze tundu kwenye mti wenye jua. Eleza kwa nini mti unaonekana kichwa chini, na kinachotokea tundu likipanuliwa.

3. Mpige picha mwenzako akiwa ameupa mlango mgongo, kisha akiuelekea. Linganisha uso wake katika picha hizo mbili na ueleze sababu.