Cheti cha ndoa si kibali cha kuishi

SWALI

Shangazi, nina miaka 26, naishi Nkwenda, wilayani Kyerwa. Nina mchumba na tumeshazaa mtoto mmoja. Kwao ni Isingiro, lakini si kata yetu ya hapa, ni ile ya Uganda. Alivuka mto Kagera kwa mtumbwi miaka 5 iliyopita, akaja kufanya kibarua kwenye migomba, hajarudi tena. Hana pasipoti wala kibali. Kinyambo anakiongea kama sisi, ndiyo maana baba anaamini ni kijana wa Kaisho, hapa hapa Kyerwa. Sasa anataka kuleta posa. Kuna mtu anataka laki nne amwandikishe kuwa mtoto wa mjomba wangu, apate namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Mchumba mwenyewe anasema haina haja, tukifunga ndoa kanisani atakuwa Mtanzania. Nifanye nini?

Mama Mmoja, Nkwenda

JIBU

Mwanangu, nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowaponza wengi huko mpakani: hapana, ndoa haitamfanya Mtanzania.

Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume aliyeoa Mtanzania hakupewa mlango huo. Yeye hupanga foleni na wageni wengine, na miaka inayohesabiwa ni ya kuishi nchini kihalali. Unaweza kuona ni uonevu, nami nakubaliana nawe, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Kufunga ndoa kwenyewe ni jambo jingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikutaja kukosa kibali kati ya mambo yanayobatilisha ndoa. Mnaweza kuwa mume na mke halali leo, na kesho maofisa wa Uhamiaji wakamchukua vilevile. Huko kwenu hili si hadithi. Mwaka 2013 Rais Kikwete alitoa muda wa wiki mbili wahamiaji wasio na vibali waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Waliondoka watu waliokuwa wameoa na kuolewa hapa miaka mingi, wengine wakiacha wake, waume na watoto. Waulize wazee wa kijiji chako.

Huyo wa laki nne mkimbieni. Kudanganya ili upate uraia ni kosa la jinai, na mjomba wako naye litamponza. Isitoshe, mchumba wako atakuwa binamu yako kwenye karatasi, kisha muende kwa padri kutangaza ndoa! Hiyo ni butura: unauza kahawa ingali maua, msimu ukifika gunia ni la mwingine. Na wewe jihadhari. Kumficha mtu unayejua yupo nchini kinyume cha sheria kunaweza kukufikisha mahakamani.

Sasa fanyeni hivi. Kabla mchumba wako hajaenda popote, tafuteni msaidizi wa kisheria wilayani au wakili, mmweleze yote. Tangu sheria ya mwaka 2017 wasaidizi hao wanatambulika rasmi, na msaada wao kwa asiye na uwezo ni bure. Huyo mtakayempata ndiye atakayewaelekeza namna ya kumwona ofisa uhamiaji na namna mchumba wako atakavyorudi kwao bila kukamatwa njiani. Anayeondoka mwenyewe ana nafasi ya kurudi. Aliyeondoshwa kwa amri ya serikali anarudi kwa taabu kubwa.

Akiwa kwao achukue kitambulisho, pasipoti, na uthibitisho wa msajili kwamba hana mke. Hiyo ya mwisho ni kwa faida yako kwanza. Kisha apite mpakani Murongo, agongewe muhuri. Mganda haombi viza kuingia Tanzania, ila muhuri huo ni wa matembezi tu. Kuishi na kufanya kazi kunataka kibali, na kibali kina gharama. Zile laki nne zianzie hapo.

Mtoto asiwatie hofu. Amezaliwa hapa na mama Mtanzania, ni raia. Mchukulie cheti cha kuzaliwa RITA, wanaosajili vizazi na vifo, na jina la baba liwe la baba yake wa kweli.

Baba yako naye aambiwe kabla ya barua ya posa, na asikie kutoka kwako. Mzee akijua anampa binti yake Mganda anaweza kukasirika wiki mbili. Akijua baada ya kupokea mahari kwamba kijana wa Kaisho hakuwahi kuwapo, atakukasirikia wewe.

Mweleze mchumba wako safari hii yote, umsikilize atakavyojibu. Kama yuko tayari kukuacha miezi michache akafuate karatasi zake, msubiri. Kama safari ya kwenda kwao, ng'ambo ya mto tu, anaikwepa kila ukiitaja, basi kuna kitu huko ambacho hajakwambia, na posa isije mpaka akiseme.