SOMO: Taa ya eabegi katika gari la stima



Magari ya stima si habari ya mbali tena. Tangu 2024 mabasi ya stima yanaunganishwa hapa Thika, katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers. Nazo Nissan Leaf mtumba kutoka Japani zimeingia nchini. Basi tuseme kikundi chenu cha Ruiru kimechanga pesa, na kinataka Leaf moja ya kubebea abiria. Mwenye gari anasema, "Haina shida, oneni wenyewe, hakuna taa inayowaka." Je, mtatoa pesa?

Ngojeni kwanza. Mwambieni aliwashe gari mkitazama dashibodi. Taa ya eabegi ni ile yenye picha ya mtu aliyeketi na mpira mbele yake. Katika Leaf taa hiyo huwaka kama sekunde 7, kisha huzimika yenyewe. Hapo gari linajikagua. Ikiendelea kuwaka, au ikiwakawaka, kuna hitilafu. Lakini isipowaka hata kidogo, ogopeni zaidi. Huenda taa imeungua, au kuna mtu aliyeizima ili gari liuzike, kumbe eabegi ililipuka zamani kwenye ajali. Mimi nisingelipa hata shilingi kabla fundi hajaangalia.

Eabegi ni mfuko unaojaa hewa ghafla wakati wa kugongana, ili kichwa na kifua visipige usukani. Katika gari la stima kuna jambo la ziada. Leaf ikigongana na eabegi zikafunguka, gari hukata pia stima ya betri kubwa, ambayo ina volti zaidi ya 300. Kwa hiyo mtambo huo ukiwa mbovu, hatari si ya usukani peke yake.

Sasa, kama gari tayari ni lenu na taa imewaka, fikirieni mlifanya nini majuzi. Mlisogeza kiti? Mlisukuma kreti za maziwa chini yake, au mliosha ndani kwa maji mengi? Chini ya kiti hupita nyaya za eabegi ya ubavuni na za mkanda, na plagi ikilegea au ikishika kutu, taa huwaka. Ikiwa honi nayo imenyamaza, shukuni ule waya uliozungushwa ndani ya usukani. Betri ndogo ya volti 12 ikiwa dhaifu, nayo huweza kuleta taa hiyo, maana gari la stima pia lina betri ndogo. Hiyo ipimwe mapema, kwani ni kazi rahisi.

Hapo ndipo kazi yenu inakoma. Msichomoe plagi za manjano, wala msiguse nyaya nene za rangi ya chungwa. Fundi asome kosa kwa mashine ya kompyuta kwanza. Kabla ya kufungua kitu azime gari, atoe waya wa betri ndogo, na angoje angalau dakika 3. Asipime eabegi yenyewe kwa mita ya kawaida, kwani mkondo mdogo tu waweza kuilipua usoni mwake. Akiwaambia atafuta kosa tu taa izimike, muulizeni: kosa lenyewe lilikuwa wapi, na umelitengeneza vipi?

Jadilianeni: Katika kikundi chenu, nani atakwenda kutazama gari kabla ya pesa kutolewa? Na taa ikiwaka siku ya soko, nani ana ruhusa ya kusimamisha gari?