KICHAKA CHA MIIBA CHENYE MATUNDA MEUSI
Maelezo kwa wakulima wa Mbagala na vijiji vya jirani

Mkulima mwenye shamba la mihogo au mikorosho upande wa Mbagala, Chamazi na Kongowe pengine huona mpakani kichaka cha miiba ambacho mwaka jana hakikuwapo. Matunda yake madogo huwa meusi yakiiva, na watoto huyachuma. Jirani mmoja husema, "Hayo ni matunda ya milimani, uache." Mwingine husema, "Ni gugu, ung'oe." Yupi asadikiwe? Mmea hautambulikani kwa maneno ya jirani, bali kwa shina, jani, ua na tunda lake. Basi yatupasa tuutazame kwa utaratibu, maana anayekosea hapa aweza kupoteza mbuzi wake, hata na shamba lake.

Mimea miwili inayochanganywa

Mmea wa kwanza ni ule wa milimani, ambao wataalamu huuita Rubus. Katika nchi yetu hustawi penye baridi na mvua nyingi, kama Kilimanjaro, Usambara na Uluguru. Mbagala ni nchi ya joto, karibu na bahari. Si makao yake.

Mmea wa pili ni lantana. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika, na watu waliueneza duniani kwa uzuri wa maua yake. Jina lake la kitaalamu, Lantana camara, lilitolewa na Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Huu hustawi sana katika joto la pwani.

Dalili nne

1. Shina. Pitisha vidole kwa uangalifu juu ya tawi changa. La lantana lina pembe nne. La Rubus kwa kawaida ni la mviringo.

2. Jani. Majani ya lantana hukaa mawili mawili yakielekeana. Hukwaruza, na ukiyafikicha hutoa harufu kali. Majani ya Rubus hupishana, na mara nyingi jani moja hugawanyika kuwa vijani vitatu, vitano au zaidi.

3. Ua. Maua ya lantana ni madogo sana, nayo hukusanyika katika kichala kimoja chenye rangi zaidi ya moja. Ua la Rubus kwa kawaida husimama na petali tano zilizo wazi.

4. Tunda. Kila tunda la lantana ni punje moja laini yenye kokwa moja. Tunda la Rubus ni chembe nyingi zilizoshikamana kuwa tunda moja.

Dalili moja haitoshi. Zitazame zote nne kabla ya kusema neno.

Hatari ya lantana

Majani yake yana sumu inayoharibu ini la ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mnyama aliyeyala huacha kula, macho na ufizi huwa manjano, na ngozi isiyo na manyoya mengi huchubuka akikaa juani. Mwondoe hapo upesi, umweke kivulini, kisha umwite mganga wa mifugo. Watoto nao wakatazwe kula matunda yake, hasa mabichi.

Ndege hula matunda na kuzitupa mbegu mbali. Kwa hiyo ng'oa kichaka pamoja na mizizi kabla hakijazaa. Ukikikata tu, kisiki kitachipua tena. Baada ya mvua rudi ukatazame miche. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kama dalili hazilingani

Huenda ukaona mmea wa miiba usiolingana na huu wala ule. Usiule, wala usiupande. Kata tawi lenye majani, maua na matunda. Lilaze katikati ya magazeti makavu, weka kitu kizito juu yake, na ubadili magazeti kila siku hata likauke. Andika mahali, tarehe, urefu wa mmea na rangi ya ua, kwani rangi hufifia. Mpelekee Bwana Shamba, naye aweza kulifikisha kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Huko hulinganishwa na mimea mikavu iliyohifadhiwa. Kazi hii ni ya siku nyingi: kituo cha Amani katika Usambara kilianzishwa mwaka 1902, na hazina ya mimea yake ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Wataalamu wasipouona mfano wake popote, ndipo hueleza sifa zake kwa maandishi, huupa jina, na kuhifadhi tawi moja liwe kielelezo cha daima.

Mara nyingi mmea ulio mgeni shambani mwako si mgeni duniani. Lakini hata ule ulio mpya kweli haujulikani ila kwa tawi lililokaushwa vizuri na kuandikiwa mahali lilipotoka. Kwa hiyo, kwanza tambua. Ndipo ung'oe, au uache.